Ishirini Zilezile

Mama aliacha mizani inayodanganya kwa gramu kumi
(humpunja yeye, si mnunuzi),
friji inayokoroma, paka asiye na jina,
na daftari la shule lenye picha ya treni,
limefungwa kwa kamba ya aproni.

Humo hamna jina la mtu.
Alijua wateja wana macho marefu.
Kwa hiyo: Kofia ya Kijani, mikate mitatu, sukari nusu.
Anayenong'ona, mafuta ya alizeti, sigara tano za kuhesabu.
Mguu, sabuni. Mguu, sabuni. Mguu, viazi na sabuni.
Profesa, ambaye nadhani ndiye mfagiaji wa stesheni ya kebo,
lari mia na nne tangu mwaka wa mafuriko.

Usiku wa kwanza wa msiba nililisoma
kama mtu aliyerithi barua za mapenzi za mzazi wake:
nafunua huku naona haya.

Chiatura ni mji wa bondeni. Vumbi la manganizi
huitia theluji weusi kabla haijagusa ardhi,
na mshahara wa mgodini ni binamu wa mbali:
husikika yu njiani, kisha husikika kapotea.
Tunaishi kwa kalamu.

Asubuhi ya mazishi, sijavaa bado nguo nyeusi,
Zhuzhuna wa ghorofa ya nne aligonga dirisha la duka.
Hakunitazama mimi, alitazama chupa za siki.
"Makvala, nina aibu ya kukuomba leo.
Lakini ya kuja mikono mitupu ni kubwa zaidi."

Droo ilikuwa na noti moja ya ishirini,
kona imechanika, Mama kaiunga kwa utepe wa gundi.
Nikampa. Tukaachana upesi, kama wezi wawili.

Saa saba. Jeneza sebuleni, wanawake wamepanga kuta,
wanaume uani, pumzi yao na moshi wao rangi moja.
Mlangoni ameketi Gulo, mwalimu mstaafu wa jiografia,
na daftari jingine, jipya, la msiba.
Anaandika kwa mwandiko wa ubaoni: nani, kiasi gani.
Humu majina ni kamili, na ya ukoo, na ya mtaa,
maana kila kilichoandikwa kitarudishwa
siku mlango wa mtoaji nao utakapofunguliwa wazi hivi.
Kukopa harusi, kulipa matanga, husemwa.
Kwetu matangani ndipo tunapokopana.

Zhuzhuna akapita. Akaweka. Nikaiona ile kona.
Gulo akaandika: Zhuzhuna Kapanadze, ishirini.

Basi nipigieni hesabu, ninyi mliosoma.
Fedha ya Mama imetoka kwenye droo ya Mama,
imepanda ghorofa nne, imeshuka ghorofa nne,
imelala miguuni pa Mama.
Njiani haikununua hata kiberiti.
Lakini Zhuzhuna ananidai ishirini, siku yake ikifika,
nami namdai ishirini, siku yoyote,
na madeni haya mawili hayafutani.
Yanapishana kwenye ngazi kama ndugu waliogombana.

Jioni ileile noti ilikwenda kwa mchimba kaburi.
Jumatatu akaileta dukani: betri mbili, soseji.
"Chenji iandike," akasema,
na mimi, mwenye duka, nikaingia daftarini.

Nilidhani watalikimbia lile la treni.
Nani angekiri, na aliyeandika keshazikwa?
Kumbe watu wanne wameshakuja, kila mmoja akiapa
kwamba yeye ndiye Kofia ya Kijani.
Nikacheka, kisha nikaelewa:
asiye na ukurasa humu hana atakapokopa kesho.

Nimewaandika wote wanne.
Mguu bado hajatokea.
Nimemwekea sabuni.